CT scan ya kifua: mwongozo wa kupunguza mionzi kwenye matiti na tezi ya shingo

Mwongozo huu ni kwa wenzangu wa idara za radiolojia katika hospitali za mikoa, hapa Tabora na kwingineko, ambako mara nyingi zamu ya usiku inashikwa na mtu mmoja na daktari bingwa anasoma picha akiwa mji mwingine. Jambo ninalolisisitiza ni moja: dozi itakayofika kwenye titi na kwenye tezi ya shingo inakuwa imeshaamuliwa kabla hujabonyeza kitufe cha kupiga. Inaamuliwa na kimo cha kitanda, na mistari miwili unayoiweka kwenye skauti (picha ya awali ya kupangia kipimo), na idadi ya awamu, yaani mara ngapi umekubali kupiga eneo lilelile. Kipande cha madini ya risasi tunachomfunikia mgonjwa kinakuja mwisho kabisa, na kwa CT mara nyingi hakina faida.

Viungo tunavyovilinda

Mapafu, umio, na uboho wa mbavu, kidari na uti wa mgongo vimo ndani ya eneo la picha. Hivyo huwezi kuvikwepa. Unachoweza ni kushusha dozi ya vyote kwa pamoja. Matiti nayo yamo ndani, lakini karibu kila mara hayakuwa sababu ya kipimo. Tezi ya shingo iko mpakani: mstari wa juu ukipanda sentimita chache tu, imeingia yote.

ICRP, tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, mwaka 1990 ililipa titi uzito wa 0.05 katika hesabu ya dozi ya mwili mzima. Mwaka 2007 ikaupandisha hadi 0.12, sawa na mapafu, uboho, tumbo la chakula na utumbo mpana. Mwaka huohuo viungo vya uzazi vikashushwa kutoka 0.20 hadi 0.08. Tezi ya shingo ina 0.04. Wengi wetu tulifundishwa kuhangaikia nyonga za mgonjwa. Kwenye CT ya kifua, wasiwasi huo uhamishie juu. Na umri una uzito wake. Titi la msichana na tezi ya shingo ya mtoto huathirika zaidi kuliko vya mtu wa miaka 60, kwa hiyo nguvu zako nyingi zielekeze kwa wasichana, wanawake vijana na watoto.

Ili uone ukubwa wa jambo lenyewe: mamografia (X-ray ya matiti) ya picha mbili hulipa titi takribani mGy 3 hadi 4 (miligrei, kipimo cha mionzi inayofyonzwa na kiungo). CT ya kifua ya kawaida mara nyingi hulipa mGy 10 au zaidi. Mwanamke huyo hakuja kupimwa matiti.

Anza na fomu

Soma fomu kabla ya kumwita mgonjwa, na usiishie kwenye neno "kifua". Kama swali la daktari ni kifua kikuu, je, makohozi yamepimwa kwa mashine ya GeneXpert na X-ray ya kifua imepigwa? X-ray moja ya kifua kwa mtu mzima ni takribani mSv 0.02 (milisiveti, dozi inayohesabiwa kwa mwili mzima), wakati CT ya kifua ni mSv 5 hadi 7 hivi. Kama swali ni maji kwenye kifua, ultrasound inajibu bila mionzi yoyote. Kama ni damu kuganda kwenye mapafu, daktari awe ameshapima uwezekano wake kwa dalili na kipimo cha damu cha D-dimer pale kinapopatikana. Mpigie simu aliyeandika. Sijaona daktari anayekasirika akiulizwa kwa heshima, "Daktari, unatafuta nini hasa, ili nikuchagulie protokoli inayofaa?"

Uliza pia picha za zamani. Mgonjwa aliyetoka Bugando au Muhimbili mwezi uliopita huenda ana CD, lakini imebaki nyumbani Kaliua au Sikonge ndani ya mfuko wa karatasi za hospitali. Kama si dharura, ndugu waitume kwa basi. Siku moja ya kusubiri ni bora kuliko kurudia kipimo kilekile.

Halafu awamu. Kifua hakihitaji kupigwa bila kontrasti (dawa ya iodini inayodungwa ili mishipa ing'ae) kisha kwa kontrasti kama desturi. Kwa uvimbe, tezi za mediastino (eneo la katikati ya kifua, kati ya mapafu) au maambukizi yenye utata, awamu moja yenye kontrasti inatosha. Kwa ugonjwa wa mapafu yenyewe na kwa kufuatilia kinundu, awamu moja bila kontrasti inatosha. Ukipiga mbili, umezidisha dozi ya kila kiungo mara mbili, na hakuna hila ya baadaye itakayoirudisha. Fomu ikiandikwa "plain na contrast" kwa mazoea tu, hapo ndipo pa kuuliza.

Mgonjwa akiingia

Mwanamke wa umri wa kuzaa muulize kuhusu ujauzito akiwa peke yake. Usimuulize mbele ya mama mkwe au kaka aliyemsindikiza, maana jibu utakalopewa hapo litakuwa la kuwaridhisha wao. "Samahani dada, kabla hatujaanza nahitaji kujua siku zako za mwisho ziliingia lini" inatosha.

Vua kila chenye chuma kuanzia kidevuni hadi kitovuni: mikufu, sidiria yenye waya, vibanio vya nywele vinavyoning'inia, hirizi yenye kipande cha bati. Hirizi iombe kwa adabu na umpe mwenyewe au ndugu yake aishike. Usiitupe kwenye trei. Chuma kikibaki, picha itakuwa na michirizi na utashawishika kurudia.

Sasa pumzi, ambayo tunaipuuza mno. Picha iliyotikisika ni picha ya kurudiwa. Wazee wengi wanaotoka Uyui na Sikonge huzungumza Kinyamwezi nyumbani, na sauti ya mashine iliyorekodiwa kiwandani inawatisha tu. Rekodi sauti ya mwenzenu kwa Kiswahili, taratibu: "Vuta pumzi ndani... ibane... usipumue... haya, pumua." Kabla ya kutoka chumbani, msalimie bibi "mwangaluka", mweleze, mfanyishe zoezi mara mbili au tatu huku ukiangalia kifua chake. Wengine wakiambiwa "vuta pumzi" huinua mabega bila kuvuta chochote. Wengine huvuta na kuachia papo hapo. Kama hawezi kubana kwa sekunde kumi, ongeza kasi ya kitanda au mpige akipumua polepole, kuliko kumlazimisha halafu akakohoa katikati.

Mikono juu ya kichwa, ikiegemezwa kwenye mto. Mikono ikibaki ubavuni, otomatiki ya mA (mfumo wa mashine unaojipangia mkondo kulingana na unene wa mgonjwa) inaona mwili mpana na kupandisha mkondo, na mifupa inaleta michirizi juu ya mapafu. Bega likiwa limekakamaa upande mmoja, inua mkono wa upande wa pili, na mkono wa bega lililokakamaa uweke juu ya tumbo kwenye mto.

Kitanda: hapa ndipo pa kukaa muda mrefu

Kama una nafasi ya kurekebisha jambo moja tu katika idara yako, rekebisha hili. Katikati ya kifua lazima iwe katikati ya duara la mashine, juu na chini, kushoto na kulia. Kosa linalojirudia zaidi ni mgonjwa kulazwa chini mno.

Mbele ya tyubu inayotoa mionzi kuna kichujio chembamba katikati na kinene pembeni, kwa sababu mwili ni mnene katikati na mwembamba kandokando. Mgonjwa akiwa chini, sehemu ile nyembamba ya kichujio, yenye mionzi mingi, inaangukia mbele ya kifua, yaani kwenye matiti. Ngozi ya mbele na titi vinapata mionzi iliyokusudiwa katikati ya mwili.

Na kuna kosa la pili juu ya hilo. Otomatiki ya mA inasoma unene wa mgonjwa kutoka kwenye skauti. Ukipiga skauti tyubu ikiwa chini ya kitanda na mgonjwa yuko chini mno, yuko karibu na tyubu, kwa hiyo kivuli chake kinakua. Tyubu ikiwa sentimita 57 kutoka kitovu cha duara na mgonjwa akashuka sentimita 4, kifua kitaonekana kipana kwa takribani asilimia 7. Mashine itaamini ni mtu mnene na kumpa mkondo mkubwa. Tyubu ikiwa juu, mambo yanageuka: kivuli kinapungua, mkondo unashuka, picha inakuja na chembechembe, na daktari anaomba irudiwe.

Namna ya kufanya: taa ya leza ya mlalo ipite kwenye mstari wa katikati ya kwapa. Usiipime kwa mkono wa mgonjwa wala kwa ukingo wa godoro. Mwenye kibyongo, au mama mwenye kifua kikubwa, angalia kidari na mgongo wake, ugawanye umbali huo kwa mbili kwa macho. Kisha hakikisha. Piga skauti ya ubavu kwanza, chora mstari wa kitovu, upime kutoka mstari huo hadi ngozi ya mbele na hadi ngozi ya mgongo. Zikipishana zaidi ya sentimita 2, rekebisha kitanda, ndipo upige skauti ya mbele. Watu hufanya kinyume, ya mbele kwanza, na wanakuja kugundua tofauti wakati mashine imeshapanga mkondo.

Mashine zenu zinaweza kutofautiana kuhusu ni skauti ipi inayotumika kupanga mkondo; nyingi hutumia ya mwisho. Soma kitabu cha mashine yako, au muulize injinia wa kampuni siku akija kwa matengenezo.

Skauti na mistari miwili

Skauti ya mbele ipigwe tyubu ikiwa chini ya kitanda, ili mionzi iingilie mgongoni na titi na tezi ya shingo vipate mabaki tu. Mashine nyingi zinatoka kiwandani tyubu ikiwa juu. Badilisha kwenye protokoli mara moja na uhifadhi. Skauti ianzie chini ya kidevu na iishie chini kidogo ya mbavu. Isiwe fupi kuliko eneo utakalopiga, maana pale isipofika, mashine inakisia mkondo.

Mstari wa juu: sentimita 1 hivi juu ya ncha za mapafu. Ncha hizo ziko juu kidogo ya mtulinga, na ukizitafuta kwa makini utaziona. Kuanzia kidevuni "kwa usalama" ndiko kunakoitumbukiza tezi ya shingo yote kwenye mionzi bila sababu yoyote ya kitabibu.

Mstari wa chini: pembe za nyuma za mapafu, ambazo hushuka chini kuliko zile unazoziona kwenye skauti ya mbele. Ndiyo maana skauti ya ubavu inasaidia tena hapa. Tezi zilizo juu ya figo ziingizwe pale tu unapotafuta au kufuatilia saratani. Usimalize ini na figo zote.

Hesabu yake ni rahisi. CTDIvol (dozi inayokadiriwa na mashine) ikiwa mGy 10 na urefu wa eneo ni sentimita 45, DLP, yaani CTDIvol mara urefu, ni 450; zidisha kwa 0.014 ya kifua cha mtu mzima upate mSv 6.3. Urefu ukiwa sentimita 32, DLP ni 320, sawa na mSv 4.5. Hujagusa ubora wa picha hata kidogo.

Mashine ya mzunguko wa helikali hupiga kidogo zaidi kabla ya mstari wa kwanza na baada ya wa mwisho. Kwa mtu mzima ni kidogo. Kwa mtoto, ambaye kifua chake ni kifupi, nyongeza hiyo inaonekana, na kolimesheni (upana wa mwale wa mionzi) nyembamba kiasi inaipunguza.

kV, mA na usanifu wa picha

Mkondo ukishuka nusu, dozi inashuka nusu. Kilovolti ina nguvu zaidi: kutoka kV 120 hadi 100, mA ikibaki ileile, dozi inashuka kwa asilimia 40 hivi. Kwa mgonjwa mwembamba, chini ya kilo 70 au 80, aliyepewa kontrasti, kV 100 ndiyo chaguo langu la kwanza, kwa sababu iodini hung'aa zaidi kwenye kV ya chini na chembechembe zinavumilika. Lakini ukishusha kV na otomatiki ikiachwa ilivyo, mashine itapandisha mA kufidia. Angalia CTDIvol kwenye skrini kabla ya kupiga. Kama haijashuka, legeza kiwango cha chembechembe unachokidai, au shusha mA ya rejea, kulingana na mashine uliyonayo.

Kosa lilelile lipo kwenye usanifu wa picha wa marudio, ule unaosafisha chembechembe. Kuuwasha peke yake hakupunguzi dozi. Unapunguza tu pale unapotumia usafi huo kushusha mkondo. Kufuatilia kinundu cha mapafu, CTDIvol isizidi mGy 3 kwa mtu wa umbo la kawaida. Picha itakuwa na chembechembe kwenye mediastino, na haidhuru, kwa kuwa swali liko kwenye mapafu.

Baadhi ya mashine zina programu ya kupunguza mkondo tyubu inapopita mbele ya mwili. Siemens huiita X-CARE. Ni nzuri, ila usiitegemee kwa macho yaliyofumba: mwanamke akilala chali, matiti mara nyingi huangukia pembeni, nje ya ule upinde unaopunguziwa, na baadhi ya mashine hufidia kwa kuongeza mkondo upande wa nyuma. Ushauri wangu, tumia kanga nyepesi isiyo na pini kuyashikilia matiti yasogee katikati, ukimweleza mama unachofanya na kuna mhudumu wa kike chumbani. Usiyabane hadi kifua kinyanyuke.

Ngao za bismathi na aproni za risasi

Hapa wengi hawatakubaliana nami mara moja. Ngao ya bismathi inayolazwa juu ya matiti inapunguza kweli mionzi inayotoka mbele. Lakini pia inazuia mionzi iliyoingilia mgongoni, ikapita mwilini, na ilikuwa inaelekea kwenye vigunduzi kutengeneza picha. Mgonjwa ameshaipokea, na wewe hukuitumia. Inaleta michirizi na kubadilisha namba za HU (zinazoonyesha uzito wa tishu kwenye picha) karibu na uso wa kifua. Ikiwekwa kabla ya skauti, otomatiki inaiona kama mwili mnene na kupandisha mkondo. Umemwongezea dozi ukidhani unamkinga. AAPM, chama cha wanafizikia tiba wa Marekani, kilitoa msimamo mwaka 2012 kwamba njia mbadala zizingatiwe badala ya ngao hizi. Ukishusha mkondo kiasi kinacholingana, titi linapata nafuu ileile na kifua chote pia.

Aproni ya risasi kwenye nyonga au tumboni nayo haisaidii kwa CT ya kifua. Mionzi inayofika huko husambaa kupitia ndani ya mwili, na aproni iko nje. Mgonjwa akiomba mwenyewe na iko mbali na eneo la picha, mpe. Utulivu wake una thamani. Usiiache ikaingia ndani ya eneo hilo.

Kontrasti

Kwa kifua cha kawaida tumia muda maalumu wa kusubiri, bila kufuatilia kontrasti ikiingia. Ufuatiliaji hupiga mahali pamoja, tena pa matiti, mara kwa mara. Kwa mishipa ya mapafu unauhitaji. Basi weka mA ya chini na uchelewe sekunde 8 au 10 baada ya kuanza kudunga kabla ya picha ya kwanza ya ufuatiliaji. Jaribu kanula kwa salaini kwanza. Na kabla ya kudunga, hakikisha UPS na jenereta viko tayari, kwa sababu umeme ukikatika sekunde ile, mgonjwa amepata kontrasti, amepata mionzi, na picha huna.

Mjamzito na mtoto

Mjamzito anayeshukiwa kuwa na damu iliyoganda kwenye mapafu asinyimwe kipimo. Dozi kwa mtoto tumboni katika CT ya kifua ni chini ya mGy 1. Mwenye kubeba mzigo ni mama, kwenye matiti yake, kwa hiyo awamu moja, kV ya chini, eneo fupi. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha baada ya kontrasti ya iodini.

Mtoto asipigwe kamwe kwa protokoli ya mtu mzima. Chagua kwa uzito wake, kV 80 au 100, zungusha tyubu haraka. CTDIvol ya skrini usiisome kijuujuu: ikiwa imehesabiwa kwa fantomu (mfano wa mwili wa kupimia dozi) ya kipenyo cha sentimita 32, dozi halisi ya mwili mdogo ni kubwa kuliko namba hiyo. Mfunge vizuri kwenye kitenge chake, mama asimame pale anapomwona akiwa amevaa aproni. Kwake aproni ina maana, kwa sababu mionzi inayomfikia inatoka nje ya mwili wake.

Daftari

Weka daftari la kaunta kando ya skrini. Kila CT ya kifua iandikwe protokoli, uzito, umri, jinsi, CTDIvol, DLP, na kama picha ilirudiwa, kwa nini. Ukifikisha wagonjwa 20 hadi 30 wa aina moja, tafuta namba ya katikati. Hiyo ndiyo hali yenu ya kawaida. Badilisha jambo moja tu, kwa mfano mstari wa juu, halafu kusanya wengine na ulinganishe. Ukibadilisha matatu kwa pamoja hutajua kilichosaidia. Protokoli ya zamani ihifadhi kwa jina lingine, mabadiliko yaandikwe na kukubaliwa na daktari wa radiolojia, na daftari liwepo wakaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomiki wanapokuja, maana Sheria Na. 7 ya 2003 inawapa mamlaka ya kukagua kazi hii.

Kwa wiki ya kwanza usiguse kV wala mkondo. Anza na kimo cha kitanda na mistari miwili ya skauti, kwa kila mgonjwa, mchana na usiku, na umwombe daktari anayesoma picha akwambie ni lini ncha ya pafu au pembe ya nyuma imekatika.